Tulipounganisha Timu za Kasongo

Jioni ile nilifika kiwanjani nikakuta wachezaji hawafiki hata nusu ya timu. Mmoja alikuwa bado amevaa kaptura ya shule. Mwingine alikuwa na malaria, na alikuja kwa ajili ya kuniambia tu kwamba ana malaria. Nikawaambia wazunguke kiwanja, wakazunguka, nami nikakaa nyuma ya goli nikiwaangalia. Sikuwa na hasira. Hasira inataka nguvu, na mimi nilikuwa nimeshinda nikifundisha madarasa mawili kwa pamoja, chumba kimoja na ubao mmoja, kwa sababu mwalimu mwenzangu alikuwa ameacha chaki na kwenda Salamabila kuchimba dhahabu.

Wachezaji wangu walikwenda huko huko. Hawakuaga. Kijana alikosa mazoezi wiki moja, ya pili ukamuuliza mama yake, naye akanyoosha mkono upande wa mashariki, kana kwamba unauliza habari za mvua iliyokwisha kupita.

Kasongo ilikuwa na timu mbili tangu enzi za Wabelgiji. Yetu ilizaliwa misheni. Baba yangu aliichezea kwa miguu mitupu, wakati ule watu walipolazimishwa kulima pamba, na alipenda kusimulia jinsi padri alivyofunga kanzu yake kiunoni kwa kamba ili aweze kukimbia na filimbi. Timu ya pili ilikuwa ya Waislamu wa mjini, watu ambao wazee wao walifika na misafara ya biashara kabla Mbelgiji hajatia mguu, wakaoa huku, wakapanda mpunga na kubaki. Wao walikuwa na maduka, na kila kizazi walikuwa na mshambuliaji mzuri, sijui waliwatoa wapi.

Timu hizo zilipokutana, hakuna aliyebaki nyumbani isipokuwa wagonjwa. Baba alisema hata wakati wa uhuru, watu walipokuwa hawajui kesho nani atatawala, mechi ilichezwa. Baadaye waasi walikuja, wakaondoka. Nchi ikabadili jina, kisha ikarudisha la zamani. Kiwanja chetu kikawa kambi ya askari, kikalaliwa na wakimbizi, kikaota nyasi za kufika kiunoni. Lakini kila vita ilipotulia, hata soko likiwa bado halijajaa, mtu alitokea na mpira, na watu wakagawanyika tena kama kawaida, hawa upande wa misheni, wale upande wa msikiti. Kwangu mimi hiyo ndiyo ilikuwa amani. Sikuwahi kudhani kwamba kitu kilichoshinda vita vyote vile kingeisha hivi hivi, kimya kimya, kwa vijana kupanda pikipiki.

Siku chache baada ya mazoezi yale, kocha wa timu ya Waislamu alinifuata shuleni wakati wa mapumziko. Yeye ni mwenye duka la vitambaa. Tulipokuwa vijana yeye alikuwa beki wa kulia na mimi winga wa kushoto, maana yake ujana wangu wote niliupitisha mbele ya magoti yake. Ninamwita yaya, kama tunavyowaita kaka zetu wakubwa, kwa kuwa amenitangulia kuzaliwa.

Alikaa kwenye dawati la watoto, magoti yamemfika kifuani.

"Mwalimu, weye uko na watoto wangapi wa kucheza?"

"Hawatoshi, yaya."

"Miye vilevile. Na watu wa Kabambare wametuma habari. Wanataka mechi kule kwao, kisha Pasaka kupita. Wanataka Kasongo iende, timu zote mbili."

"Tutawajibu nini?"

"Twende Salamabila, miye na weye. Kila mutu atafute watoto wake, awarudishe."

Nilitaka kukataa. Mgongo ulikuwa unaniuma na njia ile naijua. Lakini nilimwangalia amebanwa pale katikati ya dawati, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, nikaona kwamba yeye pia hakuwa na hamu ya safari, alikuwa amekuja tu kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumwendea. Nikasema twende.

Tulisafiri kwa pikipiki moja, dereva mbele, mwenye duka katikati, mimi nyuma nikishika chuma cha kufungia mizigo. Mvua ilikuwa imeharibu njia. Penye matope mengi tulishuka, tukasukuma, tukapanda tena. Mwenzangu alikuwa amejifunga kitambaa kichwani na hakulalamika, jambo lililoniudhi, kwa sababu mimi nilitaka kulalamika.

Kabla ya kijiji cha Wamaza tukaanza ugomvi wetu wa zamani, ule wa nani alileta mpira Kasongo. Kwetu jambo hilo lilikuwa wazi. Mpira ulikuja na mapadri, na baba yangu aliuona. Lakini ukoo wa mwenye duka una hadithi yake. Wanasema kaka wa babu yao alikuwa mfanyabiashara wa chumvi, akivuka Ziwa Tanganyika kwenda Kigoma, upande uliotawaliwa na Waingereza. Kule aliona makuli wa bandari na vijana wa reli wakicheza jioni baada ya kazi, akasimama akatazama mpaka jua likazama. Safari iliyofuata akanunua mpira wa ngozi, akauchomeka ndani ya mzigo wa chumvi, akatembea nao kwa miguu kutoka ziwani mpaka Kasongo. Mapadri waliukuta upo.

"Ushahidi iko mu kinywa," alisema, akigeuza shingo ili nimsikie. "Sisi mu mutaa yetu tunasema refa. Tunasema goli, tunasema penati. Hiyo ni maneno ya Waingereza. Weye unasema nini?"

"Nasema arbitri. Nasema gadiye kwa mulinda goli."

"Njo ile, hiyo ni Kifaransa. Ilikuja nyuma."

"Refa mliitoa mu redio ya Tanzania, yaya, kama watu wote. Mimi pia nilikuwa nasikiliza."

"Babu yangu hakukuwa na redio."

"Basi na mpira ile ya ngozi iko wapi leo?"

"Ililiwa na panya."

Dereva alisema, bila kugeuka, "Wazee, mukamate nguvu, kuna mto." Tukavuka juu ya magogo.

Wamaza tulikula wali na maharage kwa mwanamke mmoja mwenye kibanda kando ya njia. Mwenye duka aliswali nyuma ya nyumba, mimi nikalala kwenye benchi. Nilipofumba macho nilimwona padri wa baba yangu akikimbia na kanzu yake iliyofungwa, na mtu mwingine akija polepole kutoka upande wa ziwa na mzigo wa chumvi kichwani, na sikujua nani nimwamini. Huenda wote wawili walifika. Mambo hayo nilikuwa nimeyabishania tangu utotoni bila kuwahi kumuuliza mtu aliyekuwapo, na sasa wote waliokuwapo wamekufa.

Kabla ya kufika Salamabila palikuwa na kizuizi cha askari. Mmoja alituuliza tunakwenda kufanya nini.

"Tunatafuta gadiye," nikasema.

"Gadiye wa nani?"

"Wa timu yetu ya mpira."

Askari alitutazama, mimi na viatu vyangu vya shule, mwenzangu na ndevu zake. "Watu wote wanapita hapa kutafuta dhahabu," alisema. "Nyinyi wazee munaniambia gadiye." Alitukalisha chini ya turubai muda mrefu. Mwishowe mwenye duka akaanza kumweleza habari za kila kipa aliyepita Kasongo tangu enzi za Wabelgiji, mmoja baada ya mwingine, na nadhani alituachilia ili asiendelee kusikiliza.

Salamabila ni mji wa watu wasiokuwa kwao. Kila unayemuuliza njia naye alifika juzi. Kuna mabati, maturubai, redio zinazoshindana kupiga kelele, pikipiki, na kila kitu kimepakwa udongo wa manjano, hata mbuzi. Tuliulizia wachezaji wetu kwa majina na hakuna aliyewajua. Mwenye duka akabadilisha swali, akawa anauliza, "Wale watoto wa Kasongo wanaocheza mpira wako wapi?" Hapo tukaelekezwa mara moja.

Tuliwakuta kwenye kibanda kimoja. Kipa wangu, kijana niliyemfundisha kusoma, aliyekuwa akitumikia misa, alikuwa amekonda na ana kikohozi. Kando yake, kwenye mkeka huo huo, alilala mpwa wa mwenye duka, mshambuliaji wao, mtoto wa dada yake. Walichimba shimo moja na kupika sufuria moja. Kasongo wasingesalimiana wiki ya mechi.

"Jambo, mwalimu," kipa alisema, akisimama. Alinipa kigoda, akamtafutia mwenye duka maji. Walitupokea vizuri sana, na kwa jinsi walivyotupokea nilijua watatukatalia.

"Tumekuja kuwachukua," nikasema. "Kuna mechi Kabambare."

"Nikitoka, mwalimu, mutu mwengine ataingia mu shimo yangu."

"Ni mechi moja tu."

"Toka hapa mupaka Kasongo, toka Kasongo mupaka Kabambare, na kurudi. Ile si mechi moja." Alikohoa, akageuza uso. "Na pale Kasongo nitafanya nini kisha mechi kwisha?"

Nilikuwa nimebeba maneno mengi njia nzima, kuhusu mji, kuhusu baba yake aliyekuwa beki, na yote yakaniisha pale nikitazama miguu yake iliyokaukiwa na udongo.

Mpwa wa mwenye duka akasema, "Lakini leo tunacheza. Mukae muone."

Kiwanja chao kilikuwa kwenye udongo uliomwagwa kutoka mashimoni, ukasawazishwa kwa majembe. Hakikuwa na nyasi hata moja. Watu walijaa pande zote. Timu ya wachimbaji wa Kasongo iliingia, na ndani yake nikaona wachezaji wangu wote waliopotea, mmoja baada ya mwingine, wamechanganyika na wale wa mwenye duka. Hawakuwa na sare. Walicheza na timu ya vijana wa Kivu na waliwashinda.

Walicheza vizuri. Hilo ndilo lililonichosha zaidi ya njia. Winga wangu alimpa mpira mpwa wa mwenye duka bila kutazama, kama watu waliokua nyumba moja. Niliyesumbuka naye miaka kumfundisha kurudi nyuma, sasa alikuwa anarudi nyuma, na aliyekuwa akimpigia kelele arudi alikuwa mtoto wa muadhini. Nikasikia mpwa akiita, "Gadiye, toka!" na kipa wangu akamlalamikia mwamuzi, "Refa, angalia ule!" Nilimtazama mwenye duka. Alikuwa amesikia. Alivua kile kitambaa cha kichwani, akajipangusa uso, akakivaa tena.

Tulipokuwa tunarudi hatukubishana. Baada ya Wamaza, pikipiki ikiwa imesimama ili dereva akaze mnyororo, alisema, "Mwalimu, wao walishaunganisha. Hawakutuuliza."

"Hawakutuuliza," nikasema.

"Na sisi tuunganishe."

Hivyo ndivyo timu mbili za Kasongo zilivyokwisha, kando ya njia, dereva akiwa amechuchumaa na spana. Watu wanadhani tulifanya mikutano mikubwa. Mikutano ilikuja baadaye, na ilikuwa ya kuhangaika na mambo madogo. Kwa jezi, wazee wa misheni hawakutaka kijani cha mjini, wazee wa mjini hawakutaka bluu yetu. Mwenye duka akatoa kitambaa cha manjano kilichokuwa kimelala dukani bila kununuliwa, fundi akashona, na hapakuwa na mtu aliyeipenda rangi ile, kwa hiyo ikapita. Juu ya sala kabla ya mechi walibishana mpaka mimi nikatoka nje. Niliporudi walikuwa wamekubaliana kila mchezaji aombe kimoyomoyo, kwa njia yake, wote wakiwa wamesimama. Dada mmoja mzee wa kwaya, ambaye hakuwahi kukosa mechi maishani mwake, aliniambia mlangoni, "Mwalimu, mumetunyanganya wa kumushinda." Nilidhani ni maneno ya uchungu tu, yatapita.

Kabambare tulikwenda na mchanganyiko wa waliobaki. Tulifika jioni tumelowa, tukalala darasani, na asubuhi wenyeji wakatuletea bugali na samaki wa kukausha. Ni watu wazuri. Uwanja ulijaa tangu saa sita. Mtumishi mmoja wa serikali alihutubia kuhusu udugu wa Kasongo na Kabambare mpaka mawingu yakakusanyika.

Golini nilimweka yule kijana wa kaptura ya shule, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Kabla ya mapumziko tulikuwa tumefungwa mara mbili. Wachezaji walikaa chini kwenye majani, na mwenye duka nami tukasimama mbele yao, makocha wawili, kila mmoja akingoja mwenzake aseme.

Hapo pikipiki ikaja mpaka ukingoni mwa uwanja, imejaa matope hadi kwenye taa. Nyuma alikuwa amekaa kipa wangu. Alishuka akakunja miguu, akaikunjua, kama mtu anayejaribu kujua kama bado ni yake.

"Umekuja," nikasema.

"Jana mvua ilijaza shimo," alijibu. "Hatuchimbi mupaka maji itoke."

Alivaa manjano, akaingia. Ningependa kusema tulishinda. Kipa alizuia mipira ambayo sikuamini kwamba mtu anaweza kuizuia, huku akikohoa, na watu wa Kabambare wenyewe walimpigia makofi. Sisi tukapata goli moja kwa mpira uliomgonga beki wao mgongoni. Mwenye duka alinishika bega akasema "goli," kwa sauti ya chini. Halafu mvua ikamwagika, na kwenye matope yale tukafungwa la tatu, na arbitri akamaliza mchezo mapema kwa sababu hakuna aliyemwona mwenzake.

Kipa hakulala Kabambare. Alibadilisha nguo chini ya paa la shule, akaniaga kwa mikono miwili, akapanda nyuma ya pikipiki ile ile. Nilimwambia atibu kikohozi hicho. Alisema atakitibu. Mpaka leo hajarudi Kasongo, lakini wanaotoka huko huniambia anacheza.

Tulirudi nyumbani, na ndipo nilipoelewa maneno ya yule dada wa kwaya. Jumapili ilifika, wachezaji wakavaa, watu wachache wakaja, na hapakuwa na wa kucheza naye. Tulikuwa na timu moja nzuri ya kutosha, na mji mzima ulikuwa ndani yake. Kwenda Kabambare kila wiki hakuwezekani. Tukawagawanya wenye wake na wasio na wake, wakacheka, wakacheza Jumapili mbili, wakachoka. Watu waliacha kuja. Hata matusi yalikwisha, yale ya wiki nzima sokoni kabla ya mechi, ambayo nilikuwa nikiyachukia.

Siku moja nilikwenda dukani kwake. Alikuwa anakunja vitambaa na hakuna mteja.

"Yaya, tutenganishe."

Hakuuliza nini. "Watu watasema tumeshindwa kukaa pamoja."

"Si vile ya zamani. Tuchague. Weye mumoja, miye mumoja, mpaka watoto waishe."

Akafikiri, akaendelea kukunja. "Miye nitaanza," alisema.

Tulifanya hivyo kwenye kiwanja cha misheni, vijana wakiwa wamepanga mstari. Yeye akachukua kwanza mtumishi wa altare, mrefu, mwenye kichwa kizuri. Mimi nikachukua mtoto wa muadhini, mdogo wa yule niliyemwona Salamabila. Sasa kwenye timu yangu nusu ya wachezaji huniomba ruhusa mpira ukikutana na sala ya alasiri, na kwenye timu yake kuna wanaofika wamechelewa kwa sababu misa imerefuka. Kila mmoja wetu anawalalamikia wale aliowachagua mwenyewe. Wazee wa pande zote mbili hawajui wamshangilie nani, na wengine wamekasirika wakabaki nyumbani. Vijana hawajali. Walishaanza kutukanana sokoni kwa rangi za jezi tu, manjano na nyeupe, na hilo limenipa nafuu kidogo, ingawa bado kila mwezi mmoja au wawili wanapanda pikipiki na kwenda mashariki, na nafasi zao nazijaza na watoto wanaozidi kuwa wadogo.

Jumapili iliyopita tulicheza. Jua lilikuwa kali, mpira ulipasuka ukashonwa, ukapasuka tena, tukatafuta mwingine. Hakuna aliyefunga. Nilirudi nyumbani nikaosha miguu kwenye beseni. Mke wangu alikuwa anapakua sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo.

"Mumeshinda?"

"Hapana."

"Wamewafunga?"

"Hapana."

"Basi kuja ukule," akasema, nikaenda.